Sava na Soketi za Bosi

Vikao vitatu, jamani, kuamua kimashine kidogo kama redio kikae wapi. Tulikuwa tunauza mbegu na mbolea, makao makuu Mbeya, tawi Kihesa, Iringa. Bosi alinogewa na simu za intaneti: mteja apige namba moja, sava, yaani hicho kimashine, impokee na kumwelekeza. Mimi, fundi wa kompyuta, nikashauri tukodi nafasi kwenye sava za watu wenye jenereta na walinzi. Bosi akaguna: simu zake zilale kwa watu asiowajua? Wa Mbeya wakaitaka Mbeya, wa Iringa wakaitaka Iringa, utadhani tunagawana mkoa. Maandazi yakaisha.

Hakuna aliyemtaja dada wa mapokezi wa Kihesa, aliyepokea simu zetu tangu kampuni ina chumba kimoja. Sava ikianza, yeye basi. Barua ya kumwachisha kazi nilichapa mimi, kwa agizo la bosi. Niliona aibu, lakini nilichapa.

Bosi akaiweka sava ofisini kwake Mbeya, wageni waione. Ijumaa, siku ya mwisho ya yule dada kazini, mimi na bosi tukatoka Mbeya kwenda msibani Kalenga, Iringa. Kabla ya kutoka ofisini kwake bosi alifanya tulivyolelewa wote kwa kuogopa radi za huku: alizima soketi zote ukutani, akafunga mlango. Karatasi yangu ya USIZIME, niliyoibandika kwenye soketi ya sava, haikumzuia.

Msibani bosi akataka kuwaonyesha waombolezaji maajabu yake. Akaweka spika, akapiga namba ya kampuni. Kimya. Akarudia, kimya. Wazee wakakohoa. Akanikata jicho, kisha akampigia yule dada kwenye simu yake ya mkononi.

"Shikamoo bosi, karibu," akasema dada, kama siku zote. Akaeleza kwamba wateja wa Chunya wamempigia hapo tangu asubuhi, na wote amewahudumia. Halafu akauliza taratibu, msiba mzima ukisikia: "Bosi, soketi hukuzima?"

Jumatatu sava ikahamia Kihesa, mezani kwa dada. Bosi akaichana ile barua, akafoka: nani kaandika upuuzi huu? Nikasema ni mimi.

Dada alisikia. Siku hizi ameifunika sava kwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni ya sebuleni, na inachemka vibaya sana. Kila nikienda kuikagua ananiletea chai. Nainywa, na kitambaa nakiacha palepale.