Chaki Nyekundu ya Madam

Madam wetu wa Kiingereza hapa Itiryo hapazi sauti. Akifundisha vishazi nomino, unatunga sentensi, anaiandika ubaoni, kisha anakipigia kishazi mstari kwa chaki nyekundu, polepole, amebana midomo kama anatunga uzi kwenye sindano. Ukikosea, anakutazama tu mpaka ujisahihishe. Juzi, shule ikikaribia kufungwa na msimu wa kukeketa wasichana umeshaanza, alimwinua Nyangi, jirani yangu wa dawati.

“I know where they will take me on Saturday,” alisema Nyangi. Kwamba anajua watakakompeleka Jumamosi. Nyuma, kaka yake akaacha kutafuna kalamu. Madam aliandika yote, akagusisha chaki nyekundu ubaoni, ikakatika. Hakupiga mstari. Aliifuta sentensi kwa kiganja.

“Good. Kaa chini,” alisema, sauti ileile. Kipande cha chaki kilikuwa kimebingirika hadi miguuni petu. Akaja, akainama kukiokota, akakaa pale chini muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

“Kengele ikilia, nifuate kwangu,” alimnong'oneza Nyangi. “Nyumbani usipite. Hata kuaga.”