Lindo la Sajini Ojera

Sajini mstaafu Ojera alikuwa amesahau karibu kila kitu isipokuwa lindo. Katika nyumba ya Mama Adong kule Mbuya, ambamo wazee wachache walitunzwa baada ya akili zao kuanza kuwatoroka, alisimama mchana kutwa mlangoni pa chumba chake, fimbo kaishika kifuani kama bunduki.

"Simama! Nani?"

Jibu lilikuwa moja tu: rafiki. Hapo mzee husema, "Rafiki, sogea utambulike," akakukagua uso, akakupisha. Mpishi alijibu hivyo, padri naye alijibu hivyo. Nerima, Mkenya aliyemwogesha na kumlisha, alijibu hivyo kila aingiapo na beseni, na alikuwa akitania kwamba hata ikulu haina lindo kali kama lile.

Akwero, mwanawe wa pekee, hakujibu hivyo. Si kwamba hakujua. Alizaliwa katika kambi ya jeshi, na maneno hayo waliyageuza mchezo yeye na watoto wenzake. Lakini alikuwa mwanamke wa msimamo, asiyeweza hata kumwambia mgeni kwamba mwenye nyumba hayupo ilhali yumo ndani. Na msimamo huo alifundishwa na huyo huyo baba. Ajitajaye mlangoni kwa jina lisilo lake, mzee alizoea kumwambia, ni adui, hata kama amebeba zawadi.

Basi kila Jumapili baada ya kanisa alisimama mbele ya fimbo ile akasema kwa Kiacholi, "Baba, ni mimi, Akwero, mwanao."

Mzee alimjibu kwa Kiswahili cha kambini. Lugha nyingine zote zilikuwa zimekwisha kumtoka. "Sijui wewe. Rudi nyuma."

Naye alirudi nyuma, akaketi kwenye benchi la barazani, akamtazama baba yake kwa mbali hadi saa ya kuondoka.

"Dada, ni neno tu," Nerima alimsihi siku moja. "Mimi mwenyewe ni mfanyakazi, lakini nasema rafiki, ananipisha."

"Wewe ukilisema hupotezi kitu," Akwero alimjibu. "Mimi ni mtoto wake."

Wapo watakaouita ukaidi, na kweli ulikuwa ukaidi. Lakini nani mwenye haki ya kumwambia mtu auvue utoto wake mlangoni pa baba yake?

Mvua zilipoanza, kifua cha mzee kikaharibika. Mama Adong, muuguzi wa zamani asiyezungusha maneno, alimwambia Akwero wazi kwamba Krismasi ilikuwa mbali mno kwa mgonjwa yule. Kama alikuwa na la kumwambia baba yake, asingoje.

Jumapili hiyo mzee alisimama akiegemea mwimo wa mlango, miguu ikimtetemeka. "Simama. Nani?"

Akwero aliitazama miguu ile. Kisha akasema, "Rafiki."

"Rafiki, sogea utambulike."

Alisogea. Macho ya baba yake yalipita usoni mwake polepole, paji, pua, kidevu, yasisimame popote. Fimbo ikashuka. Akampisha, akamshika mkono, akamketisha kitandani kando yake.

"Una watoto wewe?" mzee aliuliza.

"Ninao, afande."

"Mimi ninaye mmoja. Akwero. Haji kuniona."

"Labda ana kazi nyingi."

"Usimtetee." Mzee alikohoa, akapumua. "Kila siku nasimama pale namngoja. Anakuja mwanamke, analitaja jina lake. Mwongo mtupu. Namfukuza. Lakini yeye mwenyewe haji."

Ukweli ambao Akwero alikuwa ameulinda Jumapili zote zile ndio uliokuwa umefukuzwa kama uongo, na sasa kwa uongo wake alikuwa ameketishwa kitandani.

Mzee alipapasa chini ya mto akatoa nusu ya andazi, limekauka kama gome la mti. "Ukimkuta, mpe. Lakini usimwambie limetoka kwangu. Atadhani nimemsamehe."

"Ndiyo, afande."

Barazani Nerima alimwuliza kwa shauku kama mzee amemtambua. Akwero alikwenda hadi nje ya geti, akasimama kando ya ukuta, akalila andazi lile lote, kavu, huku machozi yakimtoka, hadi chembe ya mwisho iliyobaki kiganjani, kwa kuwa amana sharti imfikie mwenyewe.