Aliyeruka Arudie

Katika kamusi yangu ya Kiingereza, ile iliyoliwa na mende, kuna neno ambalo halitumiki sokoni wala ofisini: transilient. Maana yake ni chenye kuruka ghafla kutoka hapa hadi pale, bila kupita katikati. Wataalamu wa miamba wamelitumia, na waganga wanaochunguza nyuzi za ubongo. Kuhusu kilichorukwa, kamusi haisemi kitu, na jambo hilo huniudhi. Mfano wa sentensi nao hakuna. Basi mimi, mwalimu Phinées wa Beni, mfano ninao, na jina lake ni Kaswera.

Kaswera aliuza maharagwe mtaani Mulekera. Surua ilikuwa imemwulia watoto wawili, akabaki na Précieux, mdogo mno kwa umri wake. Ilikuwa mwaka 1999. Majeshi ya nchi jirani yalishavuka mpaka pale Kasindi na kutuwekea kizuizi kwenye barabara yetu wenyewe. Siku moja mimi, Kaswera na wanawake wengine wa sokoni tulikalishwa chini tusubiri kukaguliwa. Précieux alilala juu ya kitenge, karibu kabisa na mti wa kizuizi, miguu kainyosha barabarani.

Askari mmoja, kwa uvivu tu wa kuzunguka, akamruka.

Kwetu kila mtu anajua, awe Mkatoliki au Mprotestanti: mtoto aliyerukwa hakui, au tusemavyo wenyewe, hakomei, mpaka aliyemruka arudi juu yake palepale. Hata mlevi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, hurudia na kuomba radhi. Yule askari alicheka.

« Weye! Rudia! » Kaswera alisema. « Umeruka mutoto wangu. Hatakomea tena, atabakia mufupi vile! »

« Mama, toka hapa. »

« Hapana. Siko natoka. Rudia kwanza. »

Alimshika mtoto mabega asiinuke. Mara likafika lori lao, limejaa mbao zetu, likapiga honi. Lisingeweza kupita bila kumkanyaga mtoto. Askari akakoki bunduki. Kaswera alinyosha kitenge vizuri chini ya mwanawe, kama anayetandika kitanda nyumbani kwake.

Afande akashuka kwenye lori. Kiswahili hakukijua, akauliza nani anaweza kutafsiri, na wanawake wakanisukuma mbele. Nilimweleza kwa Kiingereza kwamba mama anataka askari wake aruke kurudi alikotoka, basi.

« Hilo tu? » aliuliza. Akamwamuru yule kijana.

Kijana akaruka. Buti lake lilipita juu ya magoti ya mtoto, uso umemwiva kwa hasira. Wanawake walipiga vigelegele, nami nilifurahi mpaka nikasahau bunduki.

Kaswera akamfunga Précieux mgongoni bila haraka yoyote. Nilidhani yameisha. Lakini alimgeukia afande, akanyosha mkono upande wa Kasindi.

« Mwalimu, umwambie na hii. Mupaka nao muliruka, na siye tulikuwa tumelala ndani. Mutarudia lini, inchi yetu ikomee? »

Afande akaniuliza mama amesema nini.

Nikamtafsiria yote.