Mukaba wa kupima roho

Leo nilipatia mashini zero, mashini ikanipatisha haya mbele ya classe yote.

Miye nafundisha banafunzi kuanzisha biashara ya vyombo vya afya na michezo. Mbele ya kutengeneza kitu, uliza bantu. Kila juma nasema vile. Nani anasikia? Hakuna.

Basi, groupe moja ya banafunzi inaleta mukaba, mukanda wa kufunga ku kifua, wa kupima mapigo ya roho ya bachezaji ba mupira ba mutaa wa Katuba. Courant ya umeme haiko tangu juzi, bameunganisha mukaba ku batri ya pikipiki.

Nikauvaa. Nimeikala tu ku kiti.

Mashini ikaandika: mapigo mia moja na kumi na nane kwa dakika.

Nikabaambia: "Hii imekufa. Hamukuijaribu hata. Zero."

Furaha wa groupe ile, infirmière, muuguzi mwenye alikimbia vita ya Goma, akanishika mukono, akahesabu na saa.

"Prof, iko mia moja na kumi na nane."

Nikakasirika zaidi. Nikasema tupime bantu bote, mumoja mumoja. Bote roho iko mbio. Asubuhi habari ya vita ya ku Est, kule Goma, ilikuwa imeingia ku telefone ya kila muntu.

Mumoja tu roho yake ilipiga pole pole: papa sentinelle, mulinzi wa ku mulango. Yeye hana telefone.

Furaha akaniangalia. "Prof, ulisema tuulize bantu mbele. Sasa njo tumebauliza, na mukaba."

Zero nimeifuta.

Sasa na ninyi mwenye kusoma, shikeni mukono, muhesabu. Roho yenu iko ngapi?