Uji Nilioukoroga Mimi

Mama alipopigwa kiharusi, upande mmoja ukalala wote, nikabaki naye mimi pale kwetu Msamala. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikafua mashuka yake kila asubuhi hata kwenye ile baridi ya Juni. Na shukrani yenyewe? Uji wangu aliutema. Ugali wangu, ati una madonge.

Basi, mdogo wangu akaja kutoka Dar. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mumewe anauza mitumba, naye kashuka na sweta la mama, biskuti za kopo na nywele zimetiwa dawa. Mama kumwona tu, uso ukachanua. "Mwanangu amekuja," akawaambia majirani, kwa ulimi ule ule mzito ulioshindwa kuniambia mimi ahsante. Uji nilioukoroga mimi, kwa mkono wa mdogo wangu akaumaliza, akalamba na kijiko. Majirani wakasema, huyu ndiye mtoto. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Wivu ulinikaba, jamani, nilitamani kumnyoa zile nywele.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuja kumwombea mgonjwa, alinikuta nyuma ya nyumba nakamua mashuka. Hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. Aliniuliza, "Na wewe, unalala?" Nikalia tu. Akaingia ndani, akamwambia mdogo wangu, "Dada yako anakwenda kupumzika kwa mama yenu mdogo kule Mpitimbi wiki nzima. Wewe si upo?"

Nilikwenda kwa mama mdogo shingo upande. Wakizoeana hao wawili, mimi nitakuwa nani pale nyumbani? Nililala mchana kweupe, nikala vya kupikiwa, mwili ukarudi. Lakini kila nikishika kijiko, namwona mama akilishwa na yule.

Niliporudi nilimkuta mama kibarazani, anaota jua. Uso ukachanua. "Mwanangu amekuja," akamwambia jirani. Akaniambia niketi, safari inachosha. Nikashika bakuli lililokuwa pale, nikamlisha. Akaumaliza uji wote, akalamba na kijiko.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, kajifunga kitambaa kichwani, gauni lina madoa ya uji uliotemwa. Alinitazama kwa jicho ninalolijua vizuri sana.

"Uji huo nimeukoroga mimi," akasema.

"Najua," nikamjibu. Nikamsogezea kigoda akae.