Muguu ya Mudogo Wangu na Bugali ya Bibi Yake

Mu chumba ya munganga tulikuwa watu wane: mie dada mukubwa; mudogo wangu, mulimaji wa kijiji ya Mudaka; bibi yake, ndiye mulamu wangu; na munganga mwenyewe, mwanamuke wa miaka ya wajukuu wangu. Majina yao yote iko mu kichwa yangu, lakini hapa siiandike.

Muguu ya mudogo wangu ilikuwa imeota vidonda vya kuvimba kama shufleri, ile kabichi ya maua. Kijijini walisema ni karuho, ile sumu ya kutiliwa mu chakula. Na nani anamupikia? Bibi yake! Basi akakataa sahani yake, akaenda kukula kwa wajirani, na jamaa ikasema mulamu arudishwe kwao.

Munganga hakumucheka. Akapiga magoti, akashika ule muguu na mikono mbili, yeye wa blouse nyeupe ya kiganga.

"Papa, unalima na viatu?"

"Maman docteur, viatu ni ya misa."

"Na hii ilianzia wapi?"

Akaonyesha fasi muti ilimuchoma wakati alikuwa anajenga lupango, uzio ya nyumba yake.

"Sumu ya chakula ingechagua muguu moja tu?"

Akakwangula magamba ya kidonda, akaitia dawa, akaangalia mu mikroskopi. Kisha akaniita hata mie niangalie. Niliona vitu vya mviringo, rangi ya kahawa.

"Ni kuvu, maman, kama ile inaota juu ya muhogo. Iliingia na ule muti, ikakaa ndani ya ngozi."

Ule ugonjwa alikuwa ameusoma tu mu vitabu, na aliutambua!

Akamupa vidonge vya kumeza miezi mingi. "Lakini na tumbo wazi havina nguvu. Kula kwanza, ushibe. Nani atakupikia?"

Wajirani gani watamulisha miezi yote hiyo?

"Mie," mulamu akajibu, "kama papa anakubali."

"Aonje kwanza," mudogo akasema.

Ile magaribi, kwao nyumbani, mulamu akamega bugali na sombe ya majani ya muhogo, akameza mbele yetu. "Nikianguka, sombe utajipikia!" Tukacheka. Mudogo akakula, akameza kidonge.

Vidonda vilikauka polepole, makovu ikabaki. Kila mara munganga alimupima damu, aone kama dawa haichoshe maini. Mulamu iko kwa bwana yake mupaka leo, na haonjeshwe tena.

Ile magaribi ya bugali, pengine ni mulamu alicheka wa kwanza, pengine ni mie. Mwenye alikuwa pale na anakumbuka vizuri, anirekebishe, sitakasirika.