Wacera, Mgonjwa wa Mazoezi

Sisi majirani wa Kimumu tuliposikia kwamba Wacera anaenda mjini kulala mkekani abonyezwe tumbo na vijana, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwanamke mzima, mwenye duka lake la chumvi na mbegu za sukuma, anajifanya mgonjwa kwa sababu ya chai na mkate! Midomo haina kazi nyingine.

Ilikuwa miaka ile watoto wetu wakinywa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, shuleni. Chuo kimoja cha Eldoret kilikuwa kikifundisha wahudumu wa dharura, na mwalimu wao, Shitanda, aliazima ukumbi wa kanisa akatafuta watu wa kujifanya wagonjwa ili wanafunzi wawafanyie mazoezi, malipo yakiwa chai na mkate. Wacera alijitokeza wa kwanza. Mumewe, Kabiru, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo hakuwa hata mama wa fulani, kama sisi wengine. Alikuwa Wacera tu.

Siku moja nilimtania dukani kuhusu ugonjwa wake wa kuigiza. Hakucheka.

"Mama Chepkorir," akaniambia, huku akipima chumvi, "tangu tumzike Kabiru hakuna mtu amenishika hata mkono. Watu wananunua, wanaenda. Wale watoto wananishika."

Nilichukua chumvi yangu nikaenda nyumbani.

Basi darasani kulikuwa na Kipyego, kijana wa Moiben. Vitabu alivijua vizuri, lakini kumgusa mwanamke wa rika la mamake kulimshinda. Kwao kijana hafanyi hivyo. Alikuwa akisimama mbali, mikono nyuma, akimhoji mgonjwa kama askari wa chifu. Shitanda alimwonya kwamba asiyegusa mgonjwa siku ya mtihani ataanguka, arudi kwao kukamua ng'ombe.

Wacera ndiye aliyemponya. Aliudaka mkono wa kijana akauweka shingoni mwake, mahali mshipa unapopiga.

"Bonyeza, mwanangu. Kwani ng'ombe wa kwenu mnakamua na macho?"

Darasa zima likaangua kicheko, naye Kipyego akabonyeza.

Mtihani ulikuwa siku ya mwisho. Baada yake vijana wangetawanywa mahospitalini, na ukumbi urudishiwe wanakwaya. Wacera alivaa rinda lake la harusi za watu, akaniomba nimsindikize. Njiani alinishtua. "Kesho nitakuwa mzima tena," alisema, na sauti yake haikuwa ya furaha hata kidogo.

Siku hiyo alikuwa mwanamke aliyeanguka kutoka kwa trekta. Kipyego alipiga magoti kando yake, akamshika kichwa, shingo, mbavu, tumbo, akashuka hadi miguuni bila kuruka mahali.

"Mama, unaskia uchungu wapi?"

"Mguu."

"Pole, Mama. Niko hapa na wewe. Nyumbani tumwite nani?"

Shitanda alikuwa amemwambia Wacera ataje mume, jina lolote.

"Kabiru," akajibu. "Yuko shambani."

"Tumeshatuma mtu. Kabiru anakuja saa hii."

Kijana wa watu hakujua lolote. Alisema kama alivyofundishwa, mgonjwa asiachwe na hofu, na alikuwa bado amemshika mkono.

Shitanda akatangaza kwamba Kipyego amepita. Wenzake wakamvuta juu, wakambeba mabegani, wakatoka naye nje wakiimba. Waliobaki walianza kukunja mikeka. Wa Wacera haukukunjika, maana yeye alikuwa bado amelala juu yake, uso ameuelekeza mlangoni.

Nikamwendea nikainama. "Wacera, amka. Imeisha."

"Ngoja kidogo," akasema. "Wamesema anakuja."

Nikaketi chini kando yake. Nikamshika mkono.